Imepasuka au imepasuliwa?

Darasani tunajifunza kwamba kitenzi pasua kinazaa pasuka na pasuliwa. Katika pasuliwa mtendaji yupo, hata asipotajwa. Katika pasuka jambo limetokea, na sentensi haiulizi ni nani aliyelitenda. Kwenye mtihani tofauti hiyo ina alama chache tu. Katika gereji ya mjomba wangu, hapa Bukavu, nimeiona ikiamua mshahara wa kijana.

Mjomba anatengeneza motere za boti za ziwa Kivu. Moja aliyoletewa ilikuwa ya farasi 25, ya mipigo miwili, kuukuu kunishinda mimi mwenye miaka 24. Boti lake huleta mananasi kutoka Idjwi. Motere iliwaka vizuri na kwenda polepole bila shida, lakini ikiongezwa mwendo katikati ya ziwa ilikosa pumzi na kuzimika. Mtu akikamua mfululizo ule mpira ulio kwenye bomba la esansi, ilipata nguvu tena. Mjomba alihakikisha kwanza kwamba tanki linapitisha hewa na kwamba filtre ni safi. Baada ya hapo jibu lilikuwa karibu: kama mkono wa mtu unafanya kazi ya pompi, basi pompi yenyewe haifanyi.

Pompi hiyo inaendeshwa na pumzi ya motere. Pistoni ikipanda, hewa iliyo chini yake inapungua nguvu na kuvuta utando mwembamba, membrani. Esansi inanyonywa kupitia klape ya kwanza. Pistoni ikishuka, hewa inausukuma utando, klape ya kwanza inajifunga, ya pili inafunguka, na esansi inakwenda kwenye karburateri. Kwa kila mzunguko membrani inapinda huku na kule, miaka na miaka.

Juma moja kabla, kijana anayejifunza kazi kwa mjomba alikuwa ameifungua pompi hiyo kuisafisha. Mwenye boti hakuwa na shaka: "Imepasuliwa." Alitaka bei ya membrani mpya, pamoja na hasara ya mananasi yaliyooza, ikatwe kwenye mshahara wa kijana.

Mjomba aliifungua pompi mbele yetu sote, akaitandaza membrani juu ya karatasi. Alipoikunja, ililia kama jani kavu. "Papa," akasema, "kisu kinakata mustari moja. Hii iko na mipasuko mingi, yote fasi inapindaka. Imekauka, ikapasuka." Mwenye boti aliinama, akatazama muda mrefu, kisha akauliza bei ya membrani bila kutaja tena mshahara wa mtu.

Mjomba alisafisha nyuso za pompi kwa kitambaa, akaweka membrani na vifungo vyake vipya kwa mpangilio uleule wa zamani. Walipoijaribu ziwani, motere ilikwenda mwendo wote bila mkono wa mtu kwenye mpira.

Katika fakulte yetu tunapokusanya istilahi za ufundi, tunaandika majina: pompi, membrani, klape, karburateri. Kisha tunasikitika kwamba karibu yote ni Kifaransa. Lakini majina hayo yalikuja pamoja na vipuri. Yale mjomba anayoyajua juu ya vipuri hivyo yako katika vitenzi: nyonya, sukuma, kamua, pinda, kauka, pasuka. Orodha isiyo na vitenzi ingemnyima fundi huyu ujuzi wake wote, na ingemwacha kijana bila utetezi.

Hata hivyo sarufi haikumaliza kila kitu. Mteja alipoondoka, mjomba alimpa kijana ile membrani ya zamani aishike. "Hukuipasua," akamwambia. "Lakini ulikuwa nayo mukononi, ukairudisha. Siku ingine ukisikia inalia hivi, uniite."