Taa Juu ya Keria au Chini Kwenye Bampa?

Pale Kiranjeranje, barabara ya vumbi ya Nanjirinji inapokutana na lami ya Dar kwenda Lindi, gari la mjomba wangu watu wanalijua kwa mlio tu. Ni Land Cruiser mkonga. Linabeba ufuta, linabeba watu, na likiitwa usiku linabeba wagonjwa. Likizo hii mjomba alipata hela ya jozi moja tu ya taa za ziada, ubishi ukawa zifungwe wapi.

Fundi alitaka juu ya keria. Vijana wa kijiweni nao juu, maana gari linafanana na yale ya watalii. Na kweli taa ya juu inafika mbali, haigongwi na mawe. Hilo sibishi.

Ila mimi nasomea ualimu wa fizikia, nikachukua kalamu. Jiwe la sentimita 10 liko mita 20 mbele. Taa ikiwa kwenye bampa, sentimita 60 kutoka chini, kivuli cha jiwe kinafika mita 4. Ikiwa kwenye keria, mita 2 kwenda juu, kivuli ni kama mita 1, tena dereva hakioni kabisa: taa iko juu kuliko macho yake, kivuli chote kinajificha nyuma ya jiwe. Njia inaonekana tambarare kama meza, na mama mjamzito yuko nyuma.

Halafu vumbi. Taa ikikaa karibu na macho, mwanga unagonga vumbi na kukurudia usoni. Kama huamini, lori likipita njia ya vumbi usiku, washa tochi ya simu usawa wa jicho, kisha ishushe hadi gotini.

Mjomba alisikiliza, akauliza: "Sasa mwalimu, na maji ya korongo je?" Semina nzima sijaulizwa swali zuri hivyo. Tukapandisha hadi kwenye ngao ya mbele, sentimita 90, pembeni zisizibe upepo wa rejeta. Kivuli kinabaki mita 2 na nusu, kinatosha. Zikawekewa swichi yake, azime akiingia lami. Bodaboda anayekuja akipofuka sekunde 3 kwa spidi ya 50, amekwenda mita 40 bila kuona kitu.

Fundi alifunga huku amenuna. Usiku uleule simu ikaita kutoka Nanjirinji. Mjomba alirudi alfajiri, nikamsalimia shikamoo, akaitikia na kuniomba spana: nati ya kushoto ilikuwa imeanza kulegea.