Kikombe Kimoja na Sigara Moja

Mtu ashukaye kutoka Butembo kwenda Beni husafiri kilometa zipatazo 54 tu, lakini huacha nchi ya baridi na kuingia katika nchi ya joto. Butembo iko mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari. Asubuhi ukungu hufunika vilima, na watu hutoka wamevaa makoti. Beni iko chini, karibu na msitu mkubwa, na huko jasho huanza mapema. Hata hivyo katika miji yote miwili mgeni hupokewa kwa kitu kilekile: chai ya moto, tamu sana.

Sisi tuliolelewa Butembo twajua jinsi chai ya kwetu inavyopikwa. Huko mlimani maji huchemka kabla ya kufikia joto la 100. Kwetu huwa kama 94 tu. Labda ndiyo sababu mama zetu hawakumwagia majani maji ya moto kama wafanyavyo Wazungu, bali waliyatia sufuriani, yakatokota pamoja na sukari na tangawizi iliyopondwa, hata chai ikawa nyekundu kama matofali. Majani hayatoki mbali, kwa maana mashamba ya chai yako Butuhe, kaskazini ya mji. Maziwa yalitiwa siku ya Krismasi, au alipotutembelea padre. Vikombe vilikuwa vichache kuliko watoto. Basi kimoja kilizunguka, na mdogo alikunywa mwisho, penye sukari nyingi.

Sigara nayo ilizunguka. Msomaji asituhukumu upesi: tulikuwa wanafunzi wanne, na vibandani sigara ziliuzwa moja moja. Tulinunua moja, tukajificha nyuma ya ua, kila mmoja akavuta mara mbili na kumpa mwenziwe. Aliyeilowanisha kwa mate alisutwa vikali. Kisha tulikimbilia chai ya tangawizi ili kuondoa harufu. Mama hakudanganyika hata siku moja. Aliuliza tu mbona leo twapenda chai kuliko chakula. Aliyetufundisha ni mjomba wetu wa Beni, nasi hatumwekei kinyongo, kwa kuwa kwake kumpa mtu sigara iliyotoka kinywani mwake kulikuwa ni kumwita ndugu.

Tarehe 1 Agosti 2018 ikatangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, magharibi ya Beni. Ugonjwa ukafika Beni, ukapanda hadi Butembo. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Njiani tulishushwa garini, tukanawa kwa maji yenye klorini, tukapimwa joto kwenye paji la uso. Kwa kuwa ugonjwa huu hupita katika damu, matapishi, hata mate ya mgonjwa, kikombe cha shirika kikawa kitu cha kuogopwa, na sigara ya shirika zaidi.

Katika miezi ile tulishuka Beni kumwamkia mjomba. Akawasha sigara, akavuta, akamnyoshea mkubwa wetu. Hakuna aliyenyosha mkono. Mkewe, aliyekwisha kuelewa, akaleta vikombe vitano: viwili vya bati, viwili vya plastiki, na kopo moja la maziwa lililooshwa. Mjomba akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Leo mmekuwa wageni, wanangu." Twakiri kwamba neno lile lilituuma kuliko woga wenyewe. Sigara ikaungua mkononi mwake hata majivu yakaanguka.

Sasa kikombe kimerudi, lakini sigara haikurudi. Sisi tuliacha tangu safari ile, wala si kwa ushujaa. Tulijaribu kuvuta kila mtu ya kwake, tukaona haya. Mjomba aliacha baadaye, kifua kilipombana na daktari akamkataza. Alinung'unika muda mrefu.

Tulipompitia mara ya mwisho alikuwa ameketi barazani. Alipiga funda la chai, akapangusa ukingo wa kikombe kwa kidole gumba, akatunyoshea. Tulikunywa sote, mdogo akawa wa mwisho. Ndipo mjomba akauliza kama tangawizi imepanda bei huko Butembo.