Funguo 16

Mkula, Jumanne, 3 Juni 2025

Geti jipya limefika mchana kutoka Lamadi juu ya guta, limekazwa kwa kamba kama ng'ombe wa mnadani. Wapangaji wa mbele, wale wa vyumba viwili vya masta, walitoka kulitazama. Wa vyumba vitano vya nyuma hawakuwepo. Saa hizo wako sokoni na kijiweni.

Jioni mpwa wangu kapiga simu kutoka Mwanza. Ndiye aliyenichorea nyumba. "Mjomba, toboa na ukuta wa nyuma, weka kigeti kidogo. Wale wa elfu ishirini wapite huko, mbele pabaki kwa watumishi. Hapo unaweza kupandisha kodi." Nikamjibu nitafikiri. Sikufikiri chochote, nililala.

Ijumaa, 6 Juni

Ukuta umetobolewa. Fundi kafanya nusu siku tu, maana tofali zetu za kuchoma hazina ubishi.

Najiuliza kwa nini nilikubali upesi hivyo. Mpangaji wa chumba cha kwanza, mtumishi, amenifuata mara tatu tangu Pasaka. Ndoo za dagaa zinapita dirishani kwake. Pikipiki ya kijana wa bodaboda inawashwa saa kumi na moja alfajiri, na mke wa mtumishi ana mtoto mchanga. Wageni wa nyuma wanaacha geti wazi. "Si dharau, Mwalimu. Ni usafi na usalama." Dagaa wananuka kweli, pikipiki inapiga kelele kweli, na geti niliwahi kulikuta wazi saa sita usiku. Angenipa sababu ya uongo ningemkatalia palepale.

Kufuli mbili nimenunua. Wa mbele nimewapa funguo za mbele, wa nyuma za nyuma. Hakuna aliyeuliza kitu.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani, goti linauma. Nimekaa uani nikitazama kile kigeti na kumkumbuka marehemu baba.

Baba alikuwa mpishi Oysterbay. Tulikaa kwenye kota ya watumishi nyuma ya nyumba kubwa ya Mzungu: chumba kimoja, sisi watano. Tulikuwa na njia yetu pembeni, kati ya ua wa michongoma na ukuta wa gereji, na mwisho wake kimlango cha mbao kisicho na rangi. Barabara ya mbele ilikuwa na kokoto nyeupe. Nilizijua kwa macho. Kwa miguu sikuzijua hadi siku dada yangu alipopandwa na homa kali usiku na baba akambeba akikimbia kutafuta gari. Tulipita mbele. Asubuhi yake mama alikuwa anafagia zile kokoto kufuta nyayo zetu. Hakuna aliyemwagiza.

Lakini lililonikaa zaidi ni jingine. Mzungu yule aliondoka miaka michache baada ya Uhuru, akaja ofisa mwenzetu, mtu mzuri aliyemwita baba "mzee" na aliyetununulia madaftari ya shule. Alibadilisha mapazia, akabadilisha mbwa. Kile kimlango hakukigusa, na sisi hatukuacha kupita pale. Sidhani kama hata alikiona.

Alhamisi, 19 Juni

Miaka 31 nimefundisha maarifa na historia, na somo hili nililijua kwa kichwa. Dar es Salaam ya Waingereza ilikuwa na kanda tatu: ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili maduka na makazi ya Wahindi, ya tatu nyumba za Waafrika, Kariakoo na kwingineko. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya jengo na vifaa vyake. Katikati wakaacha uwanja, Mnazi Mmoja, na sababu waliyoitoa ilikuwa afya. Nilikuwa nachora ramani hiyo ubaoni kwa chaki za rangi tatu, watoto wanainakili, tunaenda kula.

Leo binti yangu kanitumia kwenye simu habari za huko kwa wenzetu, labda kwa kunichokoza maana nilimweleza habari ya kigeti. New York, Riverside Boulevard, kuna jengo moja lenye nyumba 219 za wenye fedha na 55 za kipato cha chini. Wenye fedha wanautazama mto Hudson, wale 55 wako upande wa barabara na wana mlango wao. Mwenye jengo alipata nafuu ya serikali kwa kuziweka hizo 55. Watu waliuita "mlango wa maskini", wakapiga kelele, na mwaka 2015 sheria ya jimbo ikakataza milango ya namna hiyo kwa majengo yanayopewa nafuu hiyo ya kodi. Mwaka huohuo walioomba zile nyumba 55 walipita 88,000. Hapo niliiweka simu chini kidogo. Elfu themanini na nane walikuwa tayari kupita mlango huo!

London nako, Aldgate, mwaka 2014 watu waliandamana kila wiki mbele ya jengo ambalo wapangaji wake wa bei nafuu waliingilia uchochoroni. Na mwaka 2019 kulikuwa na mtaa mmoja wa Lambeth ambapo watoto wa nyumba za bei nafuu walizuiwa kucheza kwenye bustani ya wenzao. Kizuizi kilikuwa ua wa miti.

Ua tena.

Jumatano, 2 Julai

Nimemuuliza mama wa dagaa. Nilimkuta anaanika, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akacheka maana naye anajua nikianza hivyo nina jambo. Nikamwambia nataka kukiziba kigeti cha nyuma.

"Usikizibe, Mwalimu! Mimi nakipenda. Kodi ikichelewa napita huko hunioni."

Nilidhani atanishukuru. Nikabaki nimesimama na huruma yangu mkononi kama mgeni aliyeleta kuku kwenye nyumba ya wasiokula nyama.

Halafu, akiendelea kugeuza dagaa, akasema: "Ila usiku nikitoka mnadani gari linanishusha barabarani, pale pale getini. Taa inawaka. Ninaona mlango wangu kwa ndani. Nazunguka ukuta mzima gizani na mzigo kichwani, napita kwenye majaruba. Masika niliyokuwa nimepanga nyumba ya fulani nilianguka humo." Akataja na nyoka, lakini nadhani aliongeza chumvi.

"Mbona hukusema?"

"Ulitupa funguo, Mwalimu. Funguo ndiyo maneno yako."

Jumapili, 6 Julai

Jana nilikwenda Lamadi kwa fundi funguo. Wapangaji saba na mimi wa nane, kila mmoja ufunguo wa mbele na wa nyuma: funguo 16. Kijana kaniuliza kama nimefungua gesti.

Nimezigawa leo baada ya ibada. Kijana wa bodaboda nimemwambia asiwashe chombo ndani ya ua, akisukume hadi barabarani, amekubali. Ndoo za dagaa ziwe na mifuniko. Mama amekubali, nadhani hatafanya. Kodi haipandi. Mpwa wangu kasema mjomba umezeeka.

Mtumishi wa chumba cha kwanza alisikiliza hadi mwisho, akasema vizuri tu kwamba mwisho wa mwezi atahama, kapata nyumba nyingine. Mkewe ndiye aliyepokea funguo zao. Wasichana wawili wa nyuma walipita geti la mbele jioni, wakarudi, wakapita tena bila kwenda popote.

Chumba cha masta kitakuwa wazi kuanzia tarehe 1 Agosti. Elfu sitini kwa mwezi, miezi mitatu mbele, choo ndani.