Kufuli na Bahari

Mwaka 1976, katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, Jim Gray na wenzake watatu waliandika makala juu ya swali ambalo kila mwenye daftari analijua: watu wengi wakitaka kusoma na kuandika daftari moja kwa wakati mmoja, nani amngoje nani?

Jawabu la ukali ni kufuli. Anayeandika huufunga ukurasa. Anayesoma naye huufunga usibadilishwe mpaka amalize. Hapo kila muamala huishi kana kwamba uko peke yake duniani. Hesabu haikosei, lakini mlangoni foleni hurefuka.

Gray hakusema ukali huo uachwe, wala hakusema ushikwe daima. Yeye na wenzake waliupangia daraja, tangu sifuri hadi tatu. La tatu ndilo la kufuli kamili. Katika la pili msomaji huona yaliyothibitishwa tu, ila akiurudia mstari ule ule huenda akaukuta umebadilika. Katika la kwanza aweza kusoma hata neno ambalo mwandishi wake atalifuta. Kila daraja mtu ashukalo, kungoja hupungua na shaka huzidi.

Anayetaka makisio ya mauzo ya mwaka aweza kuistahimili shaka hiyo. Anayetoa fedha za mayatima hawezi. Wawili wakisoma pamoja salio la shilingi 1,000, kila mmoja akatoa 800 na kuandika 200, daftari litasema zimebaki 200, ilhali zimetoka 1,600.

Gray alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 alitweka tanga peke yake kutoka San Francisco kwenda visiwa vya Farallon, kuyatawanya majivu ya mama yake. Hakurudi. Walinzi wa pwani walimtafuta, marafiki wakachunguza picha za satelaiti. Hapakuonekana hata ubao. Sheria ikashika daraja la ukali: haikumwandika kuwa amekufa mpaka mwaka 2012. Kwa miaka mitano jina lake lilikuwa mstari usiothibitishwa wala kufutwa, na waliompenda wakangoja mlangoni.

Basi ukali una bei yake, na ulegevu una yake. Si aibu kuchagua mmojawapo. Aibu ni kuchagua bila kujua nani atakayelipa.