Mwamba na Mto wa Mara

Msafiri atokaye Tarime kwenda Mugumu, wilayani Serengeti, huteremka kutoka nyanda za migomba na kahawa hadi Mto Mara. Njiani huviona vilima vyenye majabali yaliyobebana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Kumbe ni jua na mvua za karne nyingi zilizoumega mwamba.

Mto huo watoka misitu ya Mau, Kenya, huwanywesha nyumbu wa Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria. Machi 2022, huko Kirumi, maji yake yaligeuka meusi na samaki wakafa.

Ndugu msomaji, mwamba hustahimili vizazi. Mto huharibika kwa siku chache. Walio juu na walio chini wanywa maji mamoja. Basi na waulinde pamoja.