Chombo Kilichoitwa Uhuru

Msomaji wangu, ukisimama Ruiru usiku ukatazama upande wa Thika, taa za barabara kuu na za viwanda huzifunika nyota nyingi. Hata hivyo mimi hupanda darini na darubini yangu ndogo, na majirani hucheka.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma habari za chombo kiitwacho Uhuru. Kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Pale ni jirani na ikweta, na mzunguko wa dunia hukisaidia chombo kupaa. Hewa yetu huizuia mionzi ya eksirei itokayo angani isitufikie. Basi Uhuru kikaitafuta huko juu, na kwa kazi yake wataalamu wakaorodhesha vyanzo 339.

Nilifurahi, kisha nikaona haya. Jina lilikuwa letu, na bahari yetu. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, na jukwaa la Waitalia. Siasa ilikuwa imetupa bendera, lakini utafiti ule ulikuwa wa wenyewe. Wiki nzima nilitunga hotuba kali kichwani. Halafu, kwa kuwa hotuba haipimi nyota, nikanunua kitabu cha hesabu, ambacho, nakiri, sijakimaliza.

Sasa wanafunzi wanne hupanda pamoja nami. Juzi binti mmoja aliniuliza kwa nini Mshtarii ilionyesha miezi minne, ilhali jana yake tuliona mitatu. Nikampa penseli, achore kila usiku.