Ukitafuta kitabu cha mama wa Tarime, vuka Sirari kwanza

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Serengeti, atakuuliza habari za nyumbu. Ukimwambia unapitiliza mpaka Tarime, atakupa pole, maana akilini mwake Tarime ni panga na ubishi. Mimi safari hii nyumbu niliwaacha na watalii wao. Nilikwenda kutafuta vitabu vilivyoandikwa na wanawake wa kule. Cheka tu, lakini nisikilize.

Nilianzia Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Mji una vumbi lake, una soko lake, na wauza madaftari hawakosekani. Nilizunguka duka hadi duka. Vitabu vya shule vipo, Biblia zipo, vitabu vya nyimbo vipo. Nikamwuliza kijana mmoja wa dukani kama ana hadithi yoyote iliyoandikwa na mama wa huku huku. Akanitazama kama niliyeomba barafu jangwani. "Dada," akasema, "mama zetu hawaandiki. Mama zetu wanasimulia."

Kwenye kusimulia hakukosea. Kutoka Mugumu kwenda Tarime unavuka Mto Mara, ule ule ambao mamba wanawasubiri nyumbu kule hifadhini, halafu unapanda kwenye milima ya Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara uliofunguliwa mwaka 2002. Njia nzima mama mmoja mtu mzima, kapakata kuku wake, alitusimulia habari za bibi yake aliyeolewa mbali kwa sababu ya njaa, na jinsi ndoa ile ilivyokuja kuokoa ukoo mzima miaka iliyofuata. Gari zima kimya, hata konda alisahau kudai nauli. Alipofika kwake akashuka na kuku wake, na hadithi ikashuka naye. Basi, imekwisha hiyo. Nani ataiandika?

Wazee wa kiume wa mkoa huu, usiwadharau, waliandika. Mtafiti Mmarekani Jan Bender Shetler alikusanya historia za makabila ya Mara ya Kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, na mwaka 2003 zikatoka kitabu kizima. Mwaka 2019 akatoa kingine kuhusu kumbukumbu za wanaume na za wanawake wa Mara. Humo anaeleza kwamba wanaume hupenda kukumbuka koo, mipaka na makabila, lakini wanawake hukumbuka nani kaolewa wapi, nani ndugu wa nani, na njaa ilipobisha hodi tulikimbilia kwa nani. Kwa maneno mengine, yule mama wa kuku ni maktaba inayotembea. Ila vitabu hivyo vimechapishwa ughaibuni, kwa Kiingereza na kwa bei ya huko. Mama wa Nyamongo atavipatia wapi?

Tarime yenyewe ina baridi nzuri, migomba na mahindi, na wenyeji wanaokuita "mura" kwa sauti ambayo mgeni anadhani ni ugomvi kumbe ni salamu. Hapo nilikaa na dada mmoja, jina namtunzia, mwenye madaftari matatu ya hadithi chini ya kitanda. Moja linahusu nyumba ntobhu, ile desturi ya mama asiye na mtoto wa kiume kumtolea mahari binti, ili watoto wa binti yule waendeleze nyumba yake. Waandishi wa magazeti ya Ulaya na Marekani wamekuja, wakapiga picha, wakashangaa, wakaondoka. "Wao wanaandika maajabu," aliniambia. "Mimi nataka kuandika mama yangu."

Nikamwuliza kwa nini hajachapisha. Akacheka. "Nani achapishe, mdogo wangu? Nani?"

Jibu la swali lake, kwa maoni yangu, liko ng'ambo ya mpaka. Kutoka Tarime mjini, Sirari ni mwendo mfupi tu. Unavuka, uko Isebania, unashika barabara ya Migori, na mbele zaidi unafika Kisumu. Katika mji huo wa kando ya ziwa, mwaka 1982, mama mmoja aitwaye Asenath Bole Odaga alianzisha kampuni ndogo ya vitabu, Lake Publishers. Hakuwa tajiri wa kutisha. Alikuwa mwandishi, mwalimu, na aliwahi kuwa mtafiti wa fasihi simulizi Chuo Kikuu cha Nairobi. Akaandika kwa Kiingereza na kwa Kijaluo, akachapisha mwenyewe, akafungua na duka la vitabu ili asimngoje mtu wa kumuuzia. Hadithi zile za jikoni na za jioni ndizo alizozipa karatasi.

Mji huo huo una Anyange Press, kampuni ya familia ya mwandishi Grace Ogot na mumewe, mwanahistoria Bethwell Ogot. Mwaka 2012 Grace alichapisha hapo kitabu cha maisha yake, Days of My Life. Mwanamke aliyekuwa muuguzi, mtangazaji, mbunge na naibu waziri hakulazimika kwenda London kuomba ruhusa ya kusimulia maisha yake.

Na hapa, msomaji wangu, ndipo mambo yanaponoga. Riwaya yake ya mwaka 1966, The Promised Land, inatuhusu sisi kabisa. Ni habari ya Ochola na mkewe Nyapol, Wajaluo wanaoacha kwao Nyanza na kuvuka kuja Tanganyika kutafuta ardhi nzuri. Mwanamume ana hamu ya kuhama, mwanamke moyo wake hautaki, lakini ndoa ni ndoa, anafungasha. Wajaluo wa namna hiyo wako wengi Rorya, ambayo hadi mwaka 2007 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tarime. Yaani mwanamke wa ng'ambo alishaliandika eneo letu zamani, sisi bado tunauliza kama inawezekana!

Odaga alifariki Desemba 2014, Ogot akamfuata Machi 2015. Vitabu vimebaki.

Utasema hiyo ni Kenya. Haya, hata Dar wapo. Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha kampuni wakaiita E & D, herufi za mwanzo za majina yao. Riwaya ya Elieshi, Parched Earth, ilitoka hapo mwaka 2001. Wanawake wawili na herufi mbili, kazi ikaanza.

Sasa kwa nini Tarime? Si ingetosha huyo dada akatuma madaftari yake Dar? Hebu tufikiri kidogo. Mchapishaji mkubwa anahesabu shule. Anataka kitabu kitakachouzwa maelfu nchi nzima, na kitabu chenye maneno ya Kikurya kila ukurasa kinamtia wasiwasi. Kampuni ndogo ya karibu inahesabu vingine: nakala mia chache, mnadani, makanisani, shuleni, stendi ya Sirari. Ni kweli nakala chache zinafanya kila kimoja kiwe ghali zaidi, na hilo ndilo linaloua kampuni nyingi changa. Lakini siku hizi kompyuta moja inapanga kurasa, mitambo ya kuchapa nakala chache ipo, na namba ya kitabu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kinachokosekana zaidi ni mhariri mwenye subira na mtu wa kusema "lete, nitasoma."

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wasio na muda wa kungoja. Masanga kule Tarime, na Mugumu pia, zipo nyumba salama za mabinti wanaokimbia kukeketwa, jambo ambalo sheria ya mwaka 1998 ilikataza kwa msichana wa chini ya miaka 18. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya Giselle Portenier kuhusu mabinti wa Mugumu, na dunia ikawaona. Nashukuru. Ila filamu ni jicho la mgeni. Binti aliyetembea usiku porini kukimbia kisu anajua alichowaza kwenye giza lile, na jambo hilo kamera haikuliona. Akiandika mwenyewe, mdogo wake atasoma kwa lugha ya nyumbani, na baba yake pia atasoma. Huyo baba ndiye msomaji ninayemtaka zaidi.

Kwa hiyo ukipita Tarime au Mugumu, kula kichuri, sikiliza litungu, piga picha zako. Lakini ukikaa karibu na mama anayesimulia kwenye gari, toa kalamu, mwombe ruhusa, uandike. Na wewe mwenye kompyuta inayolala bure ofisini, kuna madaftari matatu chini ya kitanda yanakungoja.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.